Ile "dola 73 kwa saa" ya Detroit ilikuwa hesabu ya kona, na bili wakaachiwa vijana

Spana Kumi na Tatu (mleta mada):

Wakuu salaam. Juzi kwenye ule uzi wa migomo kuna mtu kaandika kwamba GM na Chrysler, zile kampuni kubwa za magari za Detroit kule Michigan, Marekani, ziliuawa na chama cha wafanyakazi, eti mfunga nati alikuwa analamba dola 73 kwa saa ndo maana serikali ya Marekani ikaja kuzibeba mgongoni 2009. Nilitaka nimjibu palepale nikaona itakuwa ndefu na mods watanifyeka kwa kutoka nje ya mada, so nimefungua uzi wangu. Nimefanya kazi kwenye laini ya kuunganisha magari kule Michigan, sijasimuliwa na mtu. Wenye haraka piteni, wengine vuteni viti.

Tuanze na hiyo 73 maana ndo ilizunguka dunia nzima mwishoni mwa 2008, kwenye TV, magazetini, bungeni kwao, mpaka huku kwetu imefika na bado inatembea. Ilipatikanaje? Chukua mshahara wa saa, weka overtaimu, weka likizo, weka bima ya matibabu, halafu hapa ndo pana mchezo, ongezea matibabu na pensheni za wastaafu wote, watu waliotoka kiwandani enzi za Rais Nixon, mwanzoni mwa miaka ya 70, na wajane wao, halafu lile rundo lote ligawanye kwa masaa ya wale walioko kazini TU. Yaani ni kama mangi mwenye duka ana vijana wawili anawalipa laki mbili mbili, na kijijini ana mama yake mgonjwa anamtumia laki sita kila mwezi, sasa ukimuuliza biashara inaendaje anakwambia "hawa vijana kila mmoja ananila laki tano". Ukipiga hesabu inakubali! Milioni moja gawa kwa mbili. Hela imemtoka kweli, hajadanganya, ila kijana hajaiona.

Mshahara wenyewe wa mtu wa UAW (ndo chama chao, kimeanza 1935) ulikuwa kama dola 28 kwa saa. Kiwanda cha Toyota kule Kentucky walikuwa hawapo mbali sana na hapo. Tofauti kubwa ilikuwa kwa wazee: Toyota alianza kutoa magari Kentucky 1988, atakuwa na wastaafu wangapi huyo? GM alitimiza miaka 100 Septemba 2008 na wastaafu wake walishawazidi walioko kazini mara kadhaa, na kule matibabu hayabebwi na serikali kama Kanada hapo ng'ambo ya mto, yanabebwa na mwajiri. GM wenyewe walikuwa wanalalamika kwamba kila gari linalotoka lina zaidi ya dola 1,500 za matibabu ndani yake.

Na hilo la matibabu kubebwa na kampuni, jamani, sio chama kilichong'ang'ania hivyo. Walter Reuther, yule rais wao wa zamani, alikuwa anataka bima ya taifa zima. Wakubwa wa GM ndo waliona bora kila kampuni iwe na mpango wake, wakasaini mkataba mkubwa wa 1950 na mambo yakawa matamu miaka ishirini hivi, Wajapani bado wako kwao, kila gari linalotoka linauzika. Ahadi ya uzeeni ni rahisi sana kuitoa mwaka ambao mzee bado ni kijana.

Sasa 2008. Mafuta yamefika dola 4 kwa galoni katikati ya mwaka, kampuni zimeegemea magari makubwa yanayokunywa kama ngamia, halafu Septemba benki zinaanguka, mkopo wa gari haupatikani. Mauzo ya Marekani yalishuka toka magari milioni 16 hivi mwaka 2007 mpaka milioni 10 na kitu 2009. Hapo hata umlipe mfanyakazi mahindi ya kuchoma hutoboi. GM peke yake mwaka 2008 alipata hasara ya dola bilioni 30.9.

Novemba mabosi watatu, Wagoner wa GM, Nardelli wa Chrysler na Mulally wa Ford, wakaenda Washington kuomba bilioni 25. Wakaenda kila mtu na ndege yake ya kampuni. Mbunge mmoja akawaambia ni kama kumwona mtu kwenye foleni ya supu ya maskini kavaa suti ya harusi na kofia ndefu. Mwingine akawataka wanaopanga kuiuza ndege na kurudi kwao na ya abiria wanyooshe mkono, hakuna mkono. Desemba wakarudi kwa gari, masaa mengi barabarani, safari hii wanaomba bilioni 34, ombi lilikuwa limekua.

Bunge la chini likapitisha bilioni 14 tarehe 10 Desemba. Kesho yake Seneti ikakwama, kura 52 na zilitakiwa 60. Ilikwamia wapi? Kwenye mshahara. Seneta Bob Corker wa Tennessee alitaka UAW wakubali malipo yashuke yalingane na viwanda vya kampuni za kigeni vilivyoko Marekani, ndani ya 2009. Ron Gettelfinger wa UAW akasema tutashuka, ila mpaka mkataba wetu uishe 2011. Ikafia hapo. Sasa mkumbuke huyo seneta anatoka wapi, Tennessee kuna Nissan, na mwaka huohuo Volkswagen alishatangaza kujenga Chattanooga, mji ambao Corker alikuwa meya wake, na jimbo likamwaga mamia ya mamilioni ya dola ya vivutio. Alabama nao 1993 walimpa Mercedes kama milioni 253 aje, na seneta wao Shelby ndo alikuwa anapiga kelele kuliko wote kwamba serikali isisaidie kampuni za magari. Ruzuku ni dhambi ikienda kwa jirani.

Bush mwenyewe ndo akaokoa jahazi tarehe 19 Desemba, akachomoa bilioni 17.4 kwenye ule mfuko wa bilioni 700 wa mabenki. Akaweka masharti, moja wapo malipo ya wafanyakazi yasogee yalingane na ya wageni.

Halafu kitu ambacho hadi leo kinanichoma. Machi 2009 AIG, kampuni ya bima iliyobebwa kwa zaidi ya bilioni 170, ikalipa bonasi ya milioni 165 kwa watu wa kitengo kilekile kilichochimba shimo. Wananchi wakawaka. Serikali ikajibu nini? Tumefungwa mikono, mkataba ni mkataba. Kipindi hichohicho wafanyakazi wa magari wanaambiwa mkataba wao lazima ufunguliwe, nyongeza ya kupanda kwa maisha itoke, bonasi itoke, mapumziko yapunguzwe, kugoma kwa ajili ya mshahara marufuku mpaka 2015. Kumbe kuna mikataba ya wino na mikataba ya penseli.

Mwisho wa Machi Obama akamtoa Wagoner. Chrysler akaingia mahakamani kufilisika 30 Aprili, GM 1 Juni. Siku arobaini tu GM mpya ikatoka: serikali ya Marekani asilimia 60.8, mfuko wa matibabu ya wastaafu wa UAW 17.5, Kanada na jimbo la Ontario 11.7, waliokuwa wanaidai kampuni kwa hati fungani 10. Chapa zake nazo, Pontiac kwaheri, Saturn kwaheri, Hummer kwaheri. Na mjue ule mfuko wa wastaafu haukupewa hisa kama zawadi kama watu wanavyosema, walikuwa wanadai CASH, wakabadilishiwa nusu kwa karatasi za kampuni iliyotoka kufa jana.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Mwaka 2007, kabla ya moto kuwaka, UAW na kampuni walishakubaliana kitu kinaitwa madaraja mawili. Waliomo wanabaki na 28 yao. Atakayeajiriwa baada ya hapo (mwanzo kwa baadhi ya kazi, baadaye wapya wote) anaanza kwenye 14 hivi, na pensheni ile ya zamani hana. Wanachama wakapiga kura, ikapita. Na ilipita kirahisi kwa sababu moja ambayo nikiwaza nacheka kwa uchungu: waliokatwa hawakuwa na kura. Walikuwa bado wako sekondari. Mmoja wao alikuwa Dar anagombania daladala Mwenge.

Nimeingia laini mwanzoni mwa 2012, kiwanda sikitaji, nina watu bado wanakula pale. Dola 16 kasoro. Kazi yangu ilikuwa mpira wa mlango, ule mpira mweusi unaozunguka fremu kuzuia maji na upepo. Unaanzia kona ya chini, unaubana kwa kidole gumba, unazungusha, unapitisha karola kadogo ka mkononi, unagonga kona na nyundo ya mpira, gari linaondoka. Dakika moja. Linakuja lingine. Wiki ya kwanza vidole gumba vilivimba nikawa nashindwa kufunga vifungo vya shati. Upande wa pili wa gari hilohilo, mlango mwingine, mpira uleule, alikuwa mzee mmoja mweusi, babake alipanda treni toka Alabama miaka ya 50 kuja kutafuta kazi hizihizi. Yeye 28 na senti zake. Tunaanza pamoja, tunamaliza pamoja, kosa lake na langu linaandikwa karatasi moja. Ada ya chama ilikuwa masaa mawili ya mshahara kwa mwezi, yangu na yake, na wote tunaitana "ndugu" kwenye mkutano.

Siku moja wakati wa kula, mimi na wali wangu wa kupasha, nikamuuliza mzee wangu ile 2007 ulipiga kura gani. Akatafuna muda mrefu. Akasema nilipiga ya ndiyo, nilikuwa nimebakiza miaka saba. Basi, akarudi kula. Sikumchukia, ningekuwa yeye sijui. Lakini kesho yake niligonga ile kona ya mpira kwa nguvu kidogo.

Kwa hiyo mkiniuliza chama kiliua Detroit nasema hapana, gharama ya kazi kiwandani ni kama asilimia 10 tu ya gari, waliochora magari yasiyonunulika hawakuwa wafunga nati. Mkiniuliza chama ni malaika nasema pia hapana, kilipobanwa kilitafuta mtu asiyekuwepo chumbani kikamsainia deni. Nawasilisha. Karibuni na mawe.

Konda Mstaafu:

Mleta mada umeandika vizuri ila umeruka kinyesi. Mbona hujataja ile benki ya kazi? Watu walikuwa hawana kazi kiwandani, wanaenda kukaa chumbani wanacheza karata na kusoma magazeti wanalipwa karibu mshahara wote. Hiyo nayo ni hesabu ya kona? Mimi nimeajiri vijana kwenye gari zangu, nikimlipa konda akacheze karata stendi wiki mbili tu nimekwisha.

Spana Kumi na Tatu:

Mkuu umenipata, hilo nimeliruka kweli. Ipo, ilianza 1984, ilifika mpaka asilimia 95 ya mshahara. Wazo la mwanzo halikuwa baya, kampuni ilikuwa inaleta maroboti, chama kikasema ukimtoa mtu kwa sababu ya mashine basi endelea kumlipa, ili bosi afikirie mara mbili kabla ya kufunga kiwanda. Ila ikageuka kile unachosema. Mzee wangu wa mlango wa pili alikaa humo miezi mitano anasema ilikuwa kama jela yenye kahawa, unaripoti asubuhi, unakaa, saa zako zikiisha unasaini unaondoka. Wengine waliipenda. Wakati wa msukosuko walikuwa wamebaki elfu chache, ikafutwa mwanzoni mwa 2009. Haikuua GM, ila ukienda kuomba hela ya umma na kitu kama hicho mfukoni unajiharibia mwenyewe. Ni kama zile ndege.

Mtoza Kodi:

Mimi naomba tuongelee mlipa kodi maana naona analia mfanyakazi, analia bosi, mwenye hela hayupo. Marekani ilitumbukiza kama bilioni 80 kwenye magari yote kwa ujumla, GM peke yake karibu 49.5. Hisa ya mwisho ya GM waliuza 9 Desemba 2013 na kwa GM tu walipoteza zaidi ya bilioni 10. Sasa mtu anasema "waliokoa kiwanda", kwa hasara ya bilioni 10! Wangeacha mahakama ifanye kazi yake kama wafanyabiashara wengine wote, Romney, yule mwanasiasa wa Republican, alisema hivyohivyo mapema kabisa Novemba 2008 akatukanwa.

Spana Kumi na Tatu:

Mtoza Kodi, mahakamani si walienda? Tena wote wawili. Shida kule kampuni ikiingia kufilisika lazima apatikane mtu wa kuikopesha hela ya kuendesha shughuli wakati kesi inaendelea, umeme, vyuma, mishahara. Mwaka 2009 ni benki gani ilikuwa na bilioni 30 na kitu za kumkopesha GM? Zenyewe zilikuwa zimekaa kwenye foleni hiyohiyo ya supu. Bila serikali ingekuwa ni kuuza mashine chakavu kwa kilo.

Na angalia Ford. Ford hakuchukua hela ya uokoaji kwa sababu Mulally 2006 aliweka rehani kila kitu, viwanda, mpaka ile nembo ya bluu, akakopa bilioni 23.6 kabla mvua haijanyesha. Huyohuyo Mulally ndo alikwenda bungeni kuombea washindani wake waokolewe! Sababu wote wananunua viti, vioo, nyaya kwa wasambazaji walewale. GM akifa wiki hii, mtu wa viti anafunga wiki ijayo, Ford naye anabaki na gari lisilo na kiti. Hasara ipo sikatai. Lakini hesabu ya hasara nayo ina rundo na ina kigawanyo, uliza kilichowekwa na kilichoachwa.

Nyayo254:

Wazee wa Bongo nawasalimu kutoka Nairobi. Hapa kwetu tulikuwa na General Motors East Africa tangu 1975, wakati wa hiyo maneno ya 2009 watu walikuwa wanauliza sasa hii ya Mombasa Road itafungwa ama. Haikufungwa, sababu kusema ukweli pale walikuwa wanaunganisha Isuzu zaidi, zile lori na basi za matatu unaona kila mahali. 2017 GM akauza hisa zake asilimia 57.7 kwa Isuzu wenyewe na ikaitwa Isuzu East Africa. Kwa hiyo Mmarekani ameenda, gate ni ileile. Yangu ni swali, hiyo kitu ya watu wawili kazi moja mishahara mbili, si hata hapa iko? Enda kiwanda yoyote Industrial Area, kuna permanent na kuna kasho, na kasho anaweza kuwa kasho miaka nane.

Mama Tabata:

Nyayo umesema ukweli mtupu, na huku tunaita kibarua au deiwaka. Mimi ni mtumishi, kazi yangu siitaji na chama changu sikitaji maana nikikitaja mtajua hadi shule niliyopo. Wananikata asilimia mbili kila mwezi. Sikujaza fomu. Nilipouliza nikaambiwa chama kikiwa na wanachama wengi kazini basi hata asiye mwanachama anakatwa, sheria inaruhusu. Sawa. Mwaka mzima napata nini? Tisheti na kofia ya Mei Mosi. Mwaka jana tisheti ilikuja saizi ya mtoto wa darasa la nne nikampa mwanangu. Nilipopata shida ya kupandishwa daraja nilimpigia mwakilishi mara kumi na moja, nilihesabu, ya kumi na mbili akapokea akasema yupo kwenye semina. Sasa wewe mleta mada unalalamika masaa mawili ya mshahara na walau walikuwa wanakaa meza moja na mabosi wakubwa duniani. Mimi wa kwangu anakaa meza moja na nani?

Spana Kumi na Tatu:

Dah, mama, hapo kwenye saizi nimecheka ila inauma. Na usidhani wa kule ni wasafi. Marais wawili wa UAW, Gary Jones na Dennis Williams, walifungwa jela kwa kula hela za wanachama, nyumba za kifahari Palm Springs, sigara kubwa, gofu. Sisi tunafunga mpira wa mlango kwa dola 16, ndugu rais anavuta sigara kwa masaa yetu mawili. Ni baada ya hiyo aibu ndo wanachama wakapata haki ya kumpigia kura rais moja kwa moja, na kwa kura hiyo ndo akapita Shawn Fain 2023.

Dogo wa Ubungo:

Mnanikumbusha 2010 TUCTA (shirikisho la vyama vya wafanyakazi hapa Tanzania) walivyotaka kima cha chini 315,000 wakatangaza mgomo. JK, Rais Kikwete, akaita wazee wa Dar pale Diamond Jubilee akasema hela hiyo hakuna hata mgome, na kama ni kura zenu basi bora nizikose. Nilikuwa mdogo ila baba alizima redio akatoka nje. Mgomo ukayeyuka. Kule kwa Fain iliishaje, aliyeyuka naye?

Spana Kumi na Tatu:

Hakuyeyuka. Fain ni fundi umeme wa Chrysler, Agosti 2023 alichukua mapendekezo ya Stellantis (ndo Chrysler ya sasa) akayatupa kwenye dastibini mbele ya kamera, live Facebook. Mkataba ulipoisha usiku wa 14 Septemba hakutoa watu wote nje kama zamani. Alianza na viwanda vitatu tu, kimoja kwa kila kampuni, Wayne kwa Ford, Wentzville kwa GM, Toledo kwa Stellantis, watu kama 13,000. Halafu kila Ijumaa anatangaza kinachofuata, mabosi hawajui kesho anagonga wapi. Waliogoma wanalipwa na mfuko wa chama dola 500 kwa wiki, kwa hiyo ukitoa wachache mfuko unadumu. Biden akaenda Michigan 26 Septemba akashika kipaza sauti akasimama na waliogoma, rais aliye madarakani. Wiki sita hivi wakapata asilimia 25 kwa miaka minne na nusu, nyongeza ya kupanda kwa maisha iliyokatwa 2009 ikarudi, na kijana mpya sasa anafika mshahara wa juu kwa miaka mitatu badala ya minane. Mshahara wa juu ulipangwa uvuke dola 40 kufikia 2028.

Na wale wenzetu wa viwanda visivyo na chama? Toyota akapandisha kama asilimia 9, Honda 11, bila mtu kugoma. Walikula mgomo wa jirani. Chattanooga ileile ya Corker, Aprili 2024 wafanyakazi wa Volkswagen wakapiga kura kuingia UAW, asilimia 73. Ila Mercedes Alabama mwezi uliofuata wakakataa, so usidhani ni mteremko.

Konda Mstaafu:

Hapo sasa kampuni si zinarudi kulekule 2008? Asilimia 25!

Spana Kumi na Tatu:

Konda bwana. GM walisema mgomo umewagharimu bilioni 1.1. Novemba hiyohiyo wakatangaza kununua hisa zao wenyewe za bilioni 10 kuwafurahisha wenye hisa. Wewe ukiwa na dereva anadai posho ya chakula unamwambia gari halina hela, halafu jioni akukute umeagiza mbuzi mzima, atakuelewa?

Mtoza Kodi:

Kununua hisa sio kula mbuzi, ni kurudisha mtaji kwa mwenye mtaji. Ila naelewa unachotaka kusema. Swali moja, pensheni yenu nyie wa baada ya 2007 ilirudi?

Spana Kumi na Tatu:

Haikurudi. Hilo Fain alidai na alikosa. Kuna akaunti ya akiba ambayo kampuni inakuwekea asilimia fulani, soko likianguka na wewe unaanguka nalo. Kwa hiyo mishahara ya milango miwili imeshalingana, uzee bado ni tofauti. Mzee wangu alistaafu 2014 kama alivyohesabu, miaka saba kamili. Usiku makubaliano yalipotangazwa alinitumia sauti WhatsApp, sekunde nane, anacheka tu halafu anasema "now we even", sio kweli hatujalingana lakini nilimjibu asante mzee.

Dogo wa Ubungo:

Mkuu samahani swali la kizushi, umerudi Bongo? Na unaendesha gari gani, Chevrolet?

Spana Kumi na Tatu:

Nimerudi 2019. Naendesha IST, mtumba wa Japani, msinicheke. Ilikuja na mpira wa mlango wa nyuma umekufa, mvua ikinyesha kiti kinaloa. Nikanunua mpira Ilala, fundi akataka elfu ishirini kuufunga, nikamwambia lete nyundo. Nilimaliza dakika moja na kidogo. Akauliza nimejifunzia wapi, nikamwambia kwa mzee mmoja.

Konda Mstaafu:

Dakika moja na kidogo? Umeshachelewa gari moja.

Spana Kumi na Tatu:

😂😂 Niandikie barua ya onyo.